Nyanya zangu zinapukutisha maua katika joto la Kisumu: ni jua, ni maji au ni ugonjwa?

Mama Bustani, Mamboleo (Kisumu)

Salamu kwenu wakulima wa majumbani. Nyuma ya nyumba yetu hapa Mamboleo nina bustani ya mita 5 kwa 4 hivi, ambayo upande wa mashariki inapakana na ukuta wa mawe wa jirani na upande wa kusini inapakana na jiko letu la mabati. Udongo ni ule mweusi ambao hunata mvua inaponyesha na kupasuka nyufa jua linapowaka. Mwishoni mwa Novemba nilisia mbegu katika kitalu, na juma la kwanza la Januari nikahamishia bustanini miche 24 ya nyanya: 12 ya aina ya Cal J na 12 ya aina ya Money Maker. Nilitia samadi ya kuku kwenye mashimo, na baadaye nikaongeza mbolea ya naitrojeni iitwayo CAN mara mbili, kijiko kimoja kwa kila mche.

Mimea imekua vizuri, majani ni ya kijani kibichi kabisa, tena mapana. Hata hivyo, tangu maua yalipoanza kuchanua mwanzoni mwa Februari, mengi hugeuka manjano pale kikonyo kinapokunjana, kisha huanguka yakiguswa kidogo tu. Matunda machache yaliyoshika yamefikia ukubwa wa ndimu, lakini manne kati yake yana doa jeusi lililobonyea upande wa chini, kama ngozi iliyokauka. Zaidi ya hayo, mimea miwili ya Cal J imenyauka ghafla ilhali majani yake bado ni ya kijani. Siku ya kwanza ilinyauka mchana na kuinuka usiku, siku ya pili vivyo hivyo, na siku ya tatu haikuinuka tena.

Maji ya mfereji hutufikia siku tatu kwa juma, kwa hiyo huyahifadhi kwenye mitungi na kila jioni hummwagia kila mche kopo la nusu lita. Vichipukizi vinavyoota makwapani mwa majani nimeviondoa katika mimea yote, kama nilivyoelekezwa dukani niliponunua mbegu. Jirani mmoja ananishauri nipulizie dawa ya ukungu, wa pili anasema jivu, na wa tatu anasema ning'oe kila kitu nisubiri mvua ndefu. Nitashukuru kwa ushauri wa mtu aliyewahi kulima nyanya katika joto hili la ziwani.

Nyar Kano, Ahero

Mama Bustani, ahsante kwa kueleza kwa utaratibu, maana watu wengi huandika tu kwamba nyanya zimeharibika, kisha wanataka jina la dawa. Umeeleza mambo matatu ambayo yamekutana katika bustani moja, na kila jambo lina chanzo chake. Mnyauko nitawaachia wenye ujuzi zaidi yangu. Nitazungumzia maua na yale madoa, kwa kuwa nimeyaona kwangu kila mwaka ninapothubutu kulima nyanya kati ya Januari na Machi.

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe. Chavua imefungwa ndani ya kile kikoni cha manjano kilicho katikati ya ua, na hudondoka ua linapotikiswa na upepo au na nyuki wakubwa, wale weusi wanaotoboa mbao, ambao hulishika ua na kulitetemesha kwa mvumo wa mwili wao. Joto la mchana likizidi nyuzi 32 za Selsiasi hivi, chavua huanza kudhoofika, na likifika 35 huwa imekufa au imenata isidondoke. Usiku nao usiposhuka chini ya nyuzi 21 au 22, mmea haupati nafuu. Ua ambalo halikutungwa hugeuka manjano kwenye kiungo cha kikonyo na kuanguka, kama ulivyoeleza. Huo si ugonjwa, na hakuna dawa ya kupulizia itakayolirudisha ua lililokwisha kuachwa na mmea.

Sasa, Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na ingawa mchana huwa mkali, usiku wa kawaida hupoa vya kutosha nyanya kupumzika. Ndiyo maana ninaushuku huo ukuta wako. Ukuta ulio mashariki mwa bustani una uso unaotazama magharibi, nao hupigwa na jua tangu adhuhuri mpaka linapotua. Mawe hayo hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku, kwa hiyo mimea iliyo karibu nayo huenda inalala katika joto ambalo sisi wa uwandani hatulijui. Jaribu kuhesabu: je, mimea ya safu iliyo karibu na ukuta inapukutisha maua zaidi ya ile iliyo mbali?

Ikiwa ni hivyo, weka kivuli upande wa magharibi. Wavu wa kivuli unaozuia kati ya asilimia 30 na 40 ya mwanga unafaa, lakini si lazima ununue. Mimi hutumia mikeka ya mafunjo, ile inayosukwa na watu wa kandokando ya ziwa, nikaifunga kwenye fito kwa mwinamo, ikinge jua la kuanzia saa sita hadi saa kumi. Usiifunike mimea siku nzima, kwa sababu nyanya huhitaji jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, na ikifichwa mno hurefuka tu bila kuzaa. Mkeka usimame kiasi cha hatua moja kutoka kwenye mimea ili hewa ipite. Pamoja na hayo, kila asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, kabla joto halijapanda, gongagonga vigingi vinavyoiegemeza mimea. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini hapo ndipo chavua ingali kavu na hai, na mtikiso mdogo hutosha kuidondosha.

Kuhusu madoa meusi, huko ni kuoza kitako, na tatizo liko kwenye maji zaidi ya kitu kingine chochote. Kalisi (kalsiamu), madini ambayo tunda huyahitaji, hupanda kutoka mizizini ikiwa imeyeyuka katika maji. Jua likiwa kali, majani huvuta maji kwa nguvu na kuchukua sehemu kubwa ya kalisi hiyo, huku ncha ya tunda, iliyo mwisho kabisa wa safari, ikibaki bila kitu. Udongo wetu mweusi kwa kawaida haukosi kalisi, unachokosa ni unyevu usiokatika. Nusu lita kila jioni katika udongo huo hulowesha vidole viwili vya juu tu. Chimba kwa kisu pembeni ya mche asubuhi, kina cha sentimita 15, uone kama kuna unyevu wowote. Naamini utakuta vumbi na nyufa, na nyufa hizo zinapopanuka hukata mizizi midogo. Tena Kisumu hainyimwi mvua kabisa hata Januari na Februari: hushuka mvua ya radi alasiri moja, udongo ukalowa chapachapa, kisha kwa siku tisa hakuna tone. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakooza kitako na kupasua matunda.

Mmea unaozaa katika joto hili unataka kiasi cha lita mbili kwa siku. Ni heri umpe kila mche lita nne kila baada ya siku moja, polepole, asubuhi na mapema, maji yaende chini, kuliko kumwonjesha kila jioni. Kisha tandaza matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Huku Ahero tuna maganda ya mpunga kutoka kwenye vinu, na huko kwenu unaweza kupata bagasi, yaani makapi ya miwa iliyokamuliwa, upande wa Kibos. Wengine hutumia gugumaji kutoka ziwani, nalo ni zuri mradi likauke kabisa juani kwanza, maana likiwa bichi ni maji matupu na huoza likinuka. Nyasi kavu nazo zinafaa, ila huku kwetu huita mchwa, kwa hiyo zikague kila mara.

Jambo la mwisho linanisikitisha kidogo. Cal J ni nyanya fupi inayokua hadi kimo fulani, ikatoa maua yake kwa kipindi kimoja na kusimama. Matunda yake hubebwa na matawi yale yale yanayoota makwapani, kwa hiyo ukiyaondoa umeondoa mavuno. Kukata vichipukizi ni kwa ajili ya nyanya ndefu kama Money Maker, ambazo huendelea kupanda na kuchanua kwa miezi. Acha Cal J zilizobaki zitoe matawi yatakayokuja. CAN nayo isimamishe kwa sasa. Majani mapana ya kijani kilichokolea yenye maua haba ni dalili kwamba naitrojeni imezidi.

Mzee wa Bahati, Nakuru

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na mengi aliyoandika Nyar Kano, ingawa kwetu Bahati mambo ni kinyume. Sisi tuko juu, usiku wa baridi hutushukia hata mwezi Januari, na adui wetu mkubwa ni bakajani, ambayo wengi wetu huiita blaiti tu. Mimi hupulizia dawa ya ukungu kila baada ya siku saba, hasa umande unapokuwa mzito, na nisipofanya hivyo shamba huungua kama lililomwagiwa maji moto. Kwa hiyo ningemshauri Mama Bustani asimdharau jirani yake wa kwanza. Kinga ni bora.

Kuhusu kitako kuoza, mimi husaga maganda ya mayai nikayatia shimoni, kiganja kimoja kwa kila mche, na tatizo hilo silioni sana. Ni njia rahisi, nayo haihitaji mtungi wa ziada wa maji.

Nitaongeza jambo moja ambalo ni la joto hasa, kwa sababu nimeliona Solai, ambako ni moto kuliko kwetu. Geuza majani uangalie upande wa chini. Ukiona vumbi la madoadoa ya manjano juu ya jani na utando mwembamba kama wa buibui chini yake, hao ni utitiri wekundu, nao hustawi palipo na ukame na vumbi. Kwa bustani ndogo, kuwarushia maji upande wa chini wa majani asubuhi husaidia sana. Wengi hukimbilia dawa kali ya wadudu, ikawaua wadudu wazuri wanaowala utitiri, na baada ya juma mbili utitiri hurudi mara dufu.

Mwalimu wa Lurambi, Kakamega

Mzee wetu wa Bahati, heshima zako. Kwa utitiri umesema kweli tupu. Katika mawili mengine uniruhusu nitofautiane nawe, si kwa kuwa hayafanyi kazi kwako, bali kwa kuwa bustani ya Mamboleo si ya Bahati.

Bakajani unayoihofia hutaka ubaridi na majani yaliyolowa kwa saa nyingi. Katika bustani ambayo udongo unapasuka kwa ukavu na majani ni makavu kutwa, kupulizia dawa ya ukungu kila juma ni kumwaga pesa, na ni kuwatilia watoto dawa kwenye kachumbari bila sababu. Mvua ndefu zikianza mwishoni mwa Machi tutalizungumza upya. Maganda ya mayai nayo huyeyuka polepole mno, na huchukua miezi mingi kabla mizizi haijapata chochote. Nina hakika kwamba kinachokuepusha na kitako kuoza ni ubaridi wenu pamoja na mvua, na maganda yanapewa sifa isiyo yao.

Sasa nije kwenye mnyauko, ambao ndio jambo zito kuliko yote uliyoyataja, Mama Bustani. Maua yanaweza kurudi na kitako kikapona kwa matunda yajayo, lakini huu ukiwa ndio ninaoufikiria, unabaki ardhini. Nyanya inayonyauka ikiwa ya kijani, ikaamka usiku mara moja au mbili, kisha ikalala moja kwa moja, kwa kawaida ina mnyauko wa bakteria. Mnyauko wa kuvu huenda polepole: majani ya chini hugeuka manjano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mmea. Kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Ng'oa mmea mmoja ulionyauka, kata kipande cha shina cha sentimita 10 karibu na mizizi, kishikilie kining'inie ndani ya bilauri ya kioo yenye maji safi, ncha iliyokatwa ikizama kidogo, wala usikitikise. Ndani ya dakika chache, ikiwa ni bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka kutoka kwenye shina. Zisipoteremka, tafuta sababu nyingine, hata viwavi wakatao shina chini ya udongo.

Nina swali pia: kabla ya nyanya hizi, hapo palipandwa nini? Ninauliza kwa sababu huku kwetu magharibi kila nyumba ina managu, ile ambayo Waluo huiita osuga, na wengi hawajui kwamba managu ni ndugu wa nyanya, kama walivyo viazi, biringanya, pilipili na tumbaku. Bakteria hawa huwashambulia ndugu hao wote, na managu huweza kuwabeba bila kunyauka sana. Vilevile kanitangaze, kama Watanzania wanavyomwita yule nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini na kuonekana Kenya mwaka 2014, hupata makao katika managu wakati nyanya hazipo. Ukiona majani yenye mabaka yanayopitisha mwanga, kana kwamba mtu amekula nyama ya jani akaacha ngozi, huyo ndiye.

Mama Bustani, Mamboleo (Kisumu)

Nimerudi na majibu, na mengine sikuyapenda.

Nilihesabu maua yaliyoanguka kwa siku tatu mfululizo, nikiyaokota asubuhi na jioni. Safu mbili zilizo karibu na ukuta zimeangusha 61, na safu mbili za mbali zimeangusha 23. Jana usiku, saa tatu unusu, niliweka kiganja ukutani nikaukuta bado vuguvugu kama sufuria iliyoepuliwa. Nilikuwa nimeishi na ukuta huo miaka sita bila kuufikiria. Nimeshatundika mkeka mmoja wa mafunjo, na wa pili ninautafuta.

Nilichimba pia kama nilivyoelekezwa. Sentimita tatu za juu zilikuwa na unyevu, na kutoka hapo kwenda chini ulikuwa mchanganyiko wa madongoa makavu na ufa unaoingiza kidole. Naona sasa kwamba nimekuwa nikinywesha udongo wa juu na jua tu. Lakini hapo nina hesabu inayonitatiza: lita nne kwa mimea 22 ni lita 88, ambazo ni zaidi ya mitungi minne ya lita 20 kila baada ya siku moja, na maji yenyewe huja siku tatu kwa juma, tena si kwa uhakika. Je, maji ya kufulia yanaweza kutumika?

Kuhusu bilauri, Mwalimu, nyuzi nyeupe ziliteremka kabla hata sijamaliza kumwita mume wangu aje aone. Zilifanana na moshi ulio ndani ya maji. Na jibu la swali lako ni kwamba kabla ya nyanya palikuwa na managu kwa misimu miwili, na kabla ya managu palikuwa na biringanya. Mmea wa tatu wa Cal J, ulio chini ya ile miwili kwenye mteremko, umeanza kunyauka mchana leo. Utitiri sikuona, wala yale mabaka.

Mwalimu wa Lurambi, Kakamega

Pole, Mama. Huo wa tatu usiungoje uamke. Ung'oe leo pamoja na ile miwili, kila mmoja na bonge la udongo unaoshikana na mizizi yake, uitie ndani ya mfuko na kuitoa kabisa bustanini. Isiingie kwenye mboji, wala usiilaze pembeni ikauke. Mimea iliyo upande wa chini wa mteremko ndiyo iliyo hatarini, kwa sababu bakteria husafiri na maji, kwa hiyo unapomwagilia anza na mimea mizima iliyo juu, na hapo palipong'olewa usipitishe maji. Osha jembe, kisu na viatu kwa maji ya sabuni, kisha kwa maji yaliyotiwa klorini ya kufulia, kabla ya kugusa sehemu nyingine. Ukipogoa Money Maker, vunja vichipukizi kwa vidole vikiwa vidogo badala ya kutumia kisu kimoja kutoka mmea hadi mmea.

Hakuna dawa ya kuponya mmea uliokwisha kuambukizwa, na yeyote atakayekuuzia moja anakuuzia maji ya rangi. Bustani hiyo isione nyanya, managu, biringanya, pilipili wala viazi kwa miaka kadhaa. Panda mahindi, sukuma wiki, kunde, saga au vitunguu. Jua hili linalokutesa laweza pia kukufaa: baada ya mavuno, lowesha sehemu iliyoambukizwa, uifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, ukandamize kingo zake kwa udongo, na kuiacha ipikike kwa juma nne hadi sita. Hilo hupunguza bakteria wa tabaka la juu, ingawa haliwamalizi.

Ukitaka nyanya msimu ujao, zipande kwenye ndoo au magunia ya lita 20 yenye matundu chini, kwa udongo uliotoka mahali ambapo jamaa hao wa nyanya hawajawahi kupandwa, uchanganywe na mboji iliyoiva. Ndoo zikae juu ya mawe, mizizi isije ikatoboa kwenda kuutafuta ule udongo wa zamani. Ndoo nyeusi izungushie gunia, la sivyo mizizi itachemka.

Mzee wa Bahati, Nakuru

Nimeyakubali ya Mwalimu kuhusu dawa ya ukungu. Kwa maganda ya mayai bado nitaendelea nayo, kwa kuwa mama watoto amekwisha kuzoea kuniwekea, na sidhani yanadhuru.

Maji ya kufulia nilikwisha kuyatumia wakati wa ukame. Yale ya mwisho, ya kusuuzia, hayana neno ukiyamwaga udongoni na si kwenye majani, ukipishana nayo na maji safi. Yale ya kwanza yenye povu jingi yana chumvichumvi za sabuni ambazo hugandisha udongo wa mfinyanzi, na yaliyotiwa klorini usiyakaribishe kabisa. Unaweza pia kuchukua chupa za plastiki za lita mbili, kuzitoboa matundu mawili madogo karibu na kifuniko, kuzikata kitako na kuzizika zimesimama kichwa chini karibu na kila mche. Ukijaza, maji hushuka polepole moja kwa moja mizizini, na jua halipati kitu.

Nyar Kano, Ahero

Mama Bustani, hesabu yako ya maua imenifurahisha kuliko kitu chochote nilichosoma juma hili.

Kwa maji, mimi ningepunguza mimea badala ya kupunguza kipimo. Baada ya kung'oa ile mitatu, una Cal J 9 na Money Maker 12. Cal J zilizo kwenye safu za ukutani zimepoteza kipindi chao cha maua pamoja na matawi, na hazitarudisha kitu cha maana, kwa hiyo zing'oe, hasa zile zilizo chini ya mteremko kutoka palipougua. Money Maker ziweke zote zenye afya, hata zile za ukutani, kwa sababu zina subira: zitaendelea kurefuka, na joto likipungua mawingu ya mwisho wa Machi yakija, vishada vipya vitashika. Ukibaki na mimea 14 hivi, lita nne kwa kila mmoja ni lita 56, chini ya mitungi mitatu kwa kila siku ya kumwagilia, na matandazo yakishatulia utaona unaweza kupitisha siku mbili. Mimea 14 iliyoshiba maji itakupa nyanya kuliko 21 inayoonja.

Matunda yenye kitako cheusi yachume sasa hivi, hayatapona na yanakula chakula cha wenzake. Ukikata sehemu iliyooza, iliyobaki inalika. Usikate majani yanayofunika matunda ukidhani unayapa jua, kwa maana jua la Februari huchoma tunda likaacha baka jeupe lililolegea.

Na zitakapoanza kuiva usishangae zikibaki za rangi ya chungwa. Wekundu wa nyanya hautengenezwi vizuri joto likizidi nyuzi 30, kwa hiyo kuziacha kwenye mti ziwe nyekundu ni kuwangojea ndege tu. Zichume zinapoanza kugeuka rangi kidogo upande wa chini, zipange ndani ya nyumba mahali penye kivuli na hewa, si kwenye friji wala dirishani juani, nazo zitamalizia kuiva baada ya siku nne au tano.